Kurekodi sauti ya kuimba nyumbani: mbele ya kununua mikro, soma hii kwanza



Tangu marafiki wajue kwamba ninarekodi sauti za waimbaji kwangu nyumbani, vijana wananiuliza swali moja tu: "Kaka, ninunue mikro gani?" Wanaimba vizuri, wana kompyuta waliyoandikia kazi ya mwisho wa masomo, na wameweka dola kidogo pembeni. Leo nataka kujibu kwa urefu. Jibu langu ni hili: mikro ni kitu cha nne. Kwanza ni chumba. Pili ni umbali kati ya mdomo na mikro. Tatu ni kipimo cha sauti inayoingia. Mikro inakuja nyuma ya hayo yote. Mimi nilijifunza vile kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa ya pesa tu.

Mimi nilisoma uchumi hapa Lubumbashi, muziki si kazi yangu. Niliingia katika mambo haya juu ya mama yangu mdogo, yule aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba. Kwenye kwaya yao yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, wengine wanafuata. Mwaka ule alikuwa na goita shingoni, na daktari akapanga kumpasua baada ya wiki tatu. Mbele ya sisi kutia sahihi, daktari alitueleza wazi: mshipa wa fahamu unaoongoza nyuzi za sauti unapita nyuma kabisa ya tezi ile, na hata mkono ukiwa mwangalifu, mara nyingine sauti inabadilika. Tulirudi nyumbani kimya. Kufika mlangoni mama mdogo akacheka, akaniambia: "Basi papa, ukamate sauti yangu mbele bayikate."

Nikakopa dola 60 kwa yaya yangu, nikanunua mikro ya kondensa, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Nikaweka programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Jioni ileile nikamsimamisha mama mdogo katikati ya sebule, nikabonyeza kitufe chekundu, akaimba. Tulipomsikilizisha, akakunja uso: "Papa, ule njo miye? Mbona niko sawa mutu mwenye kuimba mu pipa?"

Alisema kweli tupu. Basi tuanzie hapo kwenye pipa.

1. Chumba kinaimba pamoja na wewe

Sebule yetu ni kama sebule nyingi za mtaani: kuta za sementi zenye rangi, chini sementi, juu mabati bila plafo. Mtu akiimba humo, sauti inatoka mdomoni na kugawanyika. Sehemu moja inafika kwenye mikro moja kwa moja. Sehemu nyingine inaenda kugonga ukuta, inarudi, inagonga ukuta wa pili, inarudi tena. Sauti inakimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Ndani ya chumba cha mita 4 inaenda na kurudi mara nyingi mbele ya kufa.

Ukisimama mle ndani husikii vibaya, sababu akili yako imezoea kusukuma mwangwi pembeni na kushika maneno. Mikro haina akili. Inachukua sauti na mwangwi vyote pamoja. Na ukiisha kurekodi mwangwi ndani ya sauti, ni vigumu sana kwa programu kuutoa vizuri. Ni kama chumvi iliyozidi kwenye sombe: unaweza kuongeza maji, lakini kuitoa, hapana.

Jaribu sasa hivi. Simama katikati ya chumba chako, piga kofi moja kali. Kama unasikia mlio mdogo unaobaki nyuma, kama chemchem ya chuma, hicho ndicho kitakachoingia kwenye wimbo wako.

Dawa yake haina bei kubwa. Kinachokunywa mwangwi ni kitu kinene na laini: godoro, bulangeti nzito, nguo nyingi zilizotundikwa. Ndiyo maana chumba cha kulala karibu kila mara kinashinda sebule. Na usianze kwa kufunika kila ukuta. Anzia nyuma ya mwimbaji, sababu mikro inamtazama yeye pamoja na ukuta ulio mgongoni mwake. Tundika bulangeti mbili pale, moja juu ya nyingine, na uache nafasi ya kidole au viganja viwili kati yao na ukuta. Ile hewa ya nyuma inasaidia kumeza sauti nzitonzito. Kisha weka godoro wima upande mmoja. Piga kofi tena, utasikia tofauti wewe mwenyewe.

Neno juu ya plato za mayai. Tumeziona kwenye studio nyingi za mtaa, zimebandikwa ukuta mzima. Wandugu, zile ni karatasi nyembamba. Zinapunguza kidogo sauti za juu kabisa, lakini zile za katikati na za chini, ambako ndiko mwili wa sauti ya mtu unakaa, zinapita kama hakuna kitu. Na hazizuii kelele ya nje hata kidogo. Bulangeti ya bibi yako inafanya kazi kuzishinda.

2. Kunywa mwangwi si kuzuia kelele

Hapa wengi tunachanganya. Bulangeti inapunguza mwangwi wa ndani, lakini haizuii mvua juu ya mabati, wala baa ya jirani, wala pikipiki. Kuzuia kelele ya nje kunahitaji uzito: ukuta mnene, mlango mzito, kufunga kila tundu. Sisi tunaopanga nyumba hatuna uwezo ule. Kwa hiyo silaha yetu dhidi ya kelele ni saa. Chagua saa.

Kwetu mtaani saa nzuri ni kati ya saa kumi ya usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya watu kuanza kufagia. Katika miezi ya mvua, angalia mawingu kabla hujamwamsha mwimbaji wako.

Na sasa nitasema kitu kitakachowashangaza: delestaji inaweza kuwa rafiki yako. Umeme ukikatika, friji zinanyamaza, vipaza sauti vya baa vinanyamaza. Kama kompyuta yako ni ya kubeba na betri imejaa, ile ndiyo dakika ya kurekodi, mbele watu wawashe majenereta. Kuna faida nyingine tena. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwenye nyumba zisizo na waya mzuri wa ardhini, kompyuta ikiwa kwenye chaja, mara nyingi mngurumo wa "mmmm" unaingia chini ya sauti. Chomoa chaja, urekodi kwa betri, na mara nyingi mngurumo unaisha palepale. Mimi nilitafuta dawa ya mngurumo ule siku nne. Ilikuwa kuchomoa waya.

3. Umbali

Kila mara ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja inapungua kwa desibeli 6 hivi. Lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu uleule, sababu umejaa chumba kizima. Maana yake: ukisogea mbali, chumba kinakushinda, ukikaribia, unakishinda. Jioni ile ya kwanza mama mdogo alikuwa karibu mita moja toka kwenye mikro. Nilimpa chumba ushindi mimi mwenyewe.

Lakini ukikaribia kupita kiasi, mambo mengine mawili yanazaliwa. Moja, mikro nyingi za kuimbia zinaongeza uzito wa sauti za chini mdomo ukiwa karibu sana, na mwanamke anaanza kusikika kama ana mafua. Mbili, herufi P na B zinatoa upepo unaopiga mikro kama ngumi. Kipimo kizuri cha kuanzia ni sentimita 15 mpaka 20: fungua kiganja chako, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo, ndiyo hiyo. Kwa upepo, chukua waya wa kutundikia nguo, uukunje kama duara, vuta juu yake soksi nyembamba ya mwanamke, uweke katikati ya mdomo na mikro.

Tena, angalia mikro yako inasikiliza upande gani. Mikro nyingi za kondensa zinasikiliza ubavuni, upande wenye alama, si juu kwenye kichwa. Nimekuta watu wanaimbia kichwa cha mikro kama maikrofoni ya mkononi, halafu wanalaumu muuzaji. Na zile zinazosikiliza mbele hazisikii sana nyuma yake. Basi mgongo wa mikro uelekee kwenye kelele: kompyuta inayopuliza hewa, dirisha la barabara.

4. Kipimo cha sauti, na wimbo tuliopoteza

Hapa ndipo hasara yangu ilipo. Soma pole pole.

Kompyuta haichukui sauti kama mto unavyopita. Inaipima mara nyingi sana: kwa kiwango cha CD ni mara 44,100 kila sekunde. Sababu yake ni kwamba sikio la mtu linafika karibu hezi 20,000, na lazima upime zaidi ya mara mbili ya pale. Kila kipimo kinaandikwa kwa namba. Kwa biti 16 una ngazi 65,536 za kuandikia. Kwa biti 24 una zaidi ya milioni 16. Lakini zote mbili zina dari moja: sifuri ya desibeli. Juu ya dari hakuna namba. Sauti ikigonga pale, kichwa cha wimbi kinakatwa sawasawa kama kwa panga, na unasikia mkwaruzo. Kilichokatwa hakikuandikwa popote.

Siku ya tano chumba kilikuwa tayari, umbali ulikuwa sawa. Nikamwambia mama mdogo ajaribu kidogo. Akaimba kwa upole, kama mtu anayejaribu. Nikapandisha kipimo mpaka kikawa kinacheza karibu na dari, nikaona vizuri, inajaa. Nikabonyeza. Akaimba wimbo ambao bibi yangu alikuwa anamwimbia wakiwa kijijini. Mimi nilikuwa sijausikia hata siku moja. Alipofika kwenye kiitikio alifumba macho, akafungua kifua. Mimi nilikuwa ninamtazama yeye, sikutazama kompyuta. Alipomaliza alikuwa analia, na mimi pia.

Kisha tukasikiliza. Kiitikio chote kilikuwa mkwaruzo.

Nilimwomba arudie. Akajaribu mstari mmoja, akaacha. Akasema: "Hapana papa. Ule nimeisha kuumupatia mama. Tuimbe ingine." Ninayo ile faili mpaka leo. Nimeijaribu kwa kila programu ninayoijua. Programu zinaweza kubahatisha kichwa cha wimbi kilikuwa na umbo gani, lakini hakuna inayokirudisha chenyewe.

Basi kanuni ni hizi. Pima kwa sehemu kali zaidi ya wimbo, siyo kwa mwanzo. Mwambie mwimbaji aimbe kiitikio kama siku ya sherehe, na kilele chake kikae kwenye desibeli -12, kisipite -6. Kumbuka pia kwamba mtu akisisimuka anaimba kwa nguvu kuliko alivyojaribu. Rekodi kwa biti 24 kama mikro yako inaweza, sababu hapo ukirekodi chini kidogo hupotezi kitu, utapandisha baadaye. Sauti ndogo ina dawa. Sauti iliyokatwa haina.

5. Kaske na sauti inayochelewa

Kama unaimba juu ya gitaa au muziki uliokwisha kurekodiwa, vaa kaske zinazofunika sikio lote, la sivyo muziki utavuja na kuingia kwenye mikro. Halafu utakutana na shida hii: unajisikia kwa kuchelewa, kama mtu anakuiga nyuma yako. Sababu yake, kompyuta inakusanya vipimo kwa mafungu mbele ya kuvitumia. Fungu la vipimo 1,024 ni kuchelewa milisekunde 23, na hiyo ni kwa kuingia tu, bado kutoka. Ukipunguza fungu mpaka 256, inabaki karibu 6. Lakini kompyuta dhaifu ikipewa fungu dogo inaanza kukatakata sauti.

Njia rahisi: kama mikro yako ina tundu la kaske, chomeka pale, utajisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Kama haina, zima kabisa kujisikia ndani ya programu, na mwimbaji avue sikio moja. Waimbaji wetu wa kwaya wamezoea kujisikia hewani. Mama mdogo alivua sikio la kushoto, na sauti ikanyooka palepale.

6. Na mikro yenyewe?

Kama chumba chako hakifai na huna namna ya kukitengeneza, mikro ya dainamiki, ile ngumu ya jukwaani, inaweza kukufaa kuliko kondensa ya bei kubwa, sababu haisikii sana vitu vya mbali. Kondensa inasikia vizuri, ndiyo sifa yake na ndiyo shida yake: itasikia na kuku wa jirani.

Na kama bado unafikiri kwamba bila vyombo vingi hakuna kitu, kumbuka historia ya kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana mmoja, Mwenda Jean Bosco: mtu mmoja, sauti yake na gitaa lake. Wimbo wake "Masanga" unasikilizwa mpaka leo duniani, na wapiga gitaa wanausomea. Wakati ule hakuna aliyekuwa na kompyuta nyumbani.

7. Nyuma ya kurekodi

Rekodi wimbo mzima mara tatu, usiishie mara moja. Utachukua mzuri, na kama mstari mmoja umeharibika utaukopa kwenye nyingine. Mbele ya kila wimbo, acha sekunde 10 za kimya. Zitakusaidia kuonyesha programu kelele ya chumba ni ipi. Lakini dawa ya kelele itumie kidogo tu, ukizidisha sauti inakuwa kama mtu yuko chini ya maji. Kata sauti za chini ya hezi 80, pale hakuna kuimba kwa mwanamke, kuna mitetemo ya meza na miguu. Mwangwi wa programu, ule mzuri, weka mwisho na kwa mkono mwepesi.

Hifadhi kwa WAV. Sauti moja ya biti 24 inachukua karibu megabaiti 8 kwa dakika, si nyingi. MP3 ni ya kutuma, si ya kuhifadhi. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokima, sababu ukiituma kama sauti inaweza kubanwa na kupoteza ubora. Na kila kitu kiwe na nakala mbili, sehemu mbili: kompyuta na flashi, na flashi isikae kwenye mfuko mmoja na kompyuta.

Sauti ya mama mdogo

Siku tano mbele ya kupasuliwa, saa kumi na nusu ya usiku, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, mama mdogo alisimama kati ya godoro langu na bulangeti zake mbili, taa ya simu ikimwangaza miguuni. Aliimba nyimbo sita. Kilele hakikupita -9. Husikii chumba, husikii jirani. Mahali pawili unasikia anavuta pumzi, na sikuzikata.

Upasuaji ulienda vizuri, tunashukuru. Wiki za kwanza alikuwa anaongea kwa mnong'ono. Baadaye sauti ilirudi, ila imeshuka, na zile noti za juu hazipandi tena. Kwenye kwaya sasa mwingine ndiye anayeanzisha, yeye anafuata na sauti ya chini. Siku moja alinikuta nikisikiliza zile nyimbo sita. Akasimama mlangoni mpaka ya mwisho. Akasema tu: "Sasa hapa njo miye."

Ndiyo maana nawaambia vijana: usiseme utarekodi siku utakapopata mikro nzuri. Nyumbani mwenu kuna mtu anayeimba, mama, babu, yaya, na ile sauti haikungojei. Kopa bulangeti, chomoa chaja, pima kiitikio chini ya dari, mwombe ruhusa, halafu mwache aimbe. Na wewe, jicho moja libaki kwenye kipimo.